Kiraka kwenye Mtumbwi wa Kalumba

Ziwa Nzilo, Jumapili

Abigaëlle mwanangu,

Barua yako imenifikia. Nimefurahi kwamba Guelord ameacha kuchimba madini na amenunua mtumbwi huko Bukama, hata kama unavuja. Mama yako anawasalimu. Magoti bado yanamsumbua.

Mwambie mumeo asitumie misumari, itapasua mbao. Achane nguo kuukuu ya pamba, achovye vipande katika gudroni, ile lami nyeusi, iliyoyeyushwa kwenye kopo, avisukume ndani ya ufa kwa kisu butu. Kisha mtumbwi ulale kivulini siku tatu nzima. Siku tatu, Abigaëlle, hata kama hamna chakula.

Mlipata habari kwamba upepo ndio uliomzamisha baba yako mdogo Kalumba. Sikuwaambia yote. Asubuhi ile aligusa kiraka nilichoweka jana yake kwenye mtumbwi wake, akaniambia mimi kaka yake, "Yaya, hii gudroni haiyakauka."

Nikamjibu, "Enda tu. Bamama ba soko banangoya samaki."

Akaenda peke yake. Nilimwona kwa mbali akichota maji mtumbwini kwa sufuria, upesi upesi, halafu sikumwona tena.

Watu walisema ni upepo, nami nikawaacha waseme hivyo miezi miwili. Jana nilikwenda kwa mjane wake, Micheline, nikamweleza. Alinisikiliza akisonga bukari, hakulia. Nilipomaliza akasema, "Tata, batoto basikuone tena hapa."

Mama yako ananiuliza kwa nini sili. Namwambia nimeshiba.

Ni mimi baba yako, ninayewaombea,
Mbayo