Plasta za Joto Zilizoanikwa Kichanjani

Itaka,
S.L.P. 41,
Mbozi.
1 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Fortunata,

Nakusalimu kwa upendo kutoka huku nyumbani, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta mzima. U hali gani? Kifua kilichokusumbua mwezi wa tisa kimepona? Na hao wazee unaowahudumia huko Ujerumani, yule bibi anayekuita kwa jina la binti yake bado yupo? Mama hunituma nikuulize kama unakula ugali au umeshakuwa mtu wa mikate tu. Nijibu vizuri, maana nitamsomea.

Sisi hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, mahindi ya shamba la juu yameshachomoza, na la bondeni tutapanda wiki hii Mungu akipenda. Mama kule Nanyala ni mzima isipokuwa magoti, na bado hataki kuambiwa akae. Shemeji yako Hezron amechaguliwa tena mzee wa kanisa, kwa hiyo ndevu anachonga kila Jumamosi.

Utashangaa kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Simu ninayo, lakini katika nyumba hii simu ni kama jembe, kila mwenye mkono anaichukua. Ule ujumbe wako wa sauti wa mwezi wa nane, uliokuwa unaeleza plasta za joto zinabandikwaje na msichana aliye kwenye siku zake, niliufungua mimi? Hapana. Mimi nikiwa kisimani, aliufungua Hezron, mbele ya fundi aliyekuwa anapiga bati la jiko. Fundi alishuka kwenye ngazi akaenda kunywa maji, akakawia huko. Tangu hapo nimeamua mambo ya wanawake nikuandikie, na barua hii ataibeba Ombeni, kijana wa jirani, akirudi Dar, akakupostie.

Najua habari unayoisubiri ni ya Gwantwa. Nitakueleza yote, lakini kwa mpangilio, usiruke kwenda mwisho kama ulivyozoea.

Unakumbuka nilivyokulilia mwezi wa saba. Huyu binti yangu, mwanao, alianguka kwenye mtihani wa majaribio, katikati ya hesabu, kwa ajili ya chango, yale maumivu ya tumbo ya kila mwezi. Walimu walimbeba wakamlaza nyumbani kwa mwalimu mmoja, na karatasi yake ikabaki nusu nyeupe. Zahanati walimpima, wakasema hawaoni ugonjwa mwingine, wakampa vidonge na kutuambia maumivu yakizidi tumpeleke hospitali. Vidonge vilisaidia kidogo. Kilichomvunja moyo hakikuwa tumbo peke yake. Alikuwa amehesabu kalenda akaona siku zake zitaangukia tena kwenye mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja. Akaniambia bora asiufanye kabisa kuliko kubebwa tena mbele ya wavulana wa kidato cha nne. Mtoto anayeshika namba za juu, Fortunata. Niliumia mno.

Na mama mkwe wangu, Bibi Tukuswiga, kila akimwona amejikunja kitandani alikuwa na neno lake moja: vumilia, ukizaa litakwisha. Msichana ana miaka kumi na saba na anaambiwa dawa yake ni kuzaa. Mimi nilikuwa nachukua ndoo natoka nje, kwa sababu mkwe hajibizani na mama mkwe, na mambo ya mwezi ndiyo kabisa hayasemwi kati yetu.

Basi ndipo ulipofika mzigo wako. Mwezi ule wa nane Gwantwa alibandika plasta ya kwanza juu ya nguo ya ndani kama ulivyoelekeza, isiguse ngozi, akafunga kitenge juu, akaenda shule. Jioni akarudi ananionyesha kwamba bado ina joto. Alisema maumivu yalikuwepo, lakini yalikaa mbali, akaweza kuandika. Siku ile alikula, akacheka, akamchokoza mdogo wake Samwel. Nilikuwa nimesahau kelele zao zinavyokera. Zilizobaki nikazifungia kwenye sanduku langu la vitenge, nikawa na amani.

Sasa hapa ushike moyo. Mwezi wa tisa tulikuwa tunamalizia kukausha kahawa. Unamjua Bibi Tukuswiga na kahawa. Katika ukoo huu hakuna anayempita kwa kuanika. Akitia mkono kwenye gunia anakuambia kama kuna unyevu, na kitu chenye unyevu hakilali ndani ya nyumba yake. Alifungua sanduku langu kutafuta kitenge kikuukuu cha kufunikia kahawa, akakuta pakiti zako. Akazibonyeza. Akasikia ndani kama unga uliopata majimaji. Maandishi yote Kijerumani. Akajua moja kwa moja kwamba hii ni dawa iliyotoka ng'ambo, imepata unyevu njiani, na mkwe wake mvivu ameifungia sandukuni iote ukungu.

Mimi nilikuwa mashineni tunamenya kahawa ya mwisho. Niliporudi nilimkuta kichanjani, amekata pakiti zote kwa mkasi, ameziweka kwa mistari pembeni ya kahawa ya maganda, anazigeuza moja moja. Akanipokea kwa furaha, akaniambia jua la leo ni zuri, hata hizi dawa zako zimeshaanza kushika moto. Fortunata, nilitaka kupasuka. Wewe ulituambia hewa ndiyo inayoziamsha, na zikishaamka hazilali tena. Nikazikusanya, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikakaza mafundo. Ilikuwa kazi bure. Jioni zilikuwa baridi na ngumu, mithili ya vipande vya tofali.

Gwantwa aliporudi shuleni aliziona. Aliingia ndani akatoa vitabu vyake kwenye mkoba, akaviweka juu ya kabati. Pale ndipo hasira iliponishinda, na heshima ikaniponyoka. Nilimwambia mama mkwe wangu waziwazi zile zilikuwa za nini, na kwamba bila hizo mtoto hatafanya mtihani. Nikamwambia pia kwamba nimechoka kusikia habari ya kuzaa. Nilipomaliza nikasubiri aniambie nikusanye vyangu nirudi Nanyala.

Aliketi kwenye ngazi ya jiko, akavua kilemba, akamwita Gwantwa aje akae karibu yake. Akamwambia: "Mjukuu wangu, mimi nimezaa watoto saba. Halikwisha. Kila mwezi nilikuwa nalima huku nimeuma kanga. Lilikuja kuniacha mvi zimeshaota."

Gwantwa akamuuliza, sasa Bibi, kwa nini ulikuwa unaniambia litakwisha?

Akasema: "Niliambiwa hivyo na mama mkwe wangu. Lilipokataa kwisha nikaona aibu kumwambia, nikadhani ni mimi peke yangu."

Mdogo wangu, miaka kumi na tisa nimekaa na mwanamke yule, tumepika pamoja, tumezika pamoja, na sikuwa najua jambo hilo. Nililia. Hata yeye alilia, halafu akatukemea kwamba kahawa haijafunikwa na umande unaingia.

Asubuhi yake akachukua plasta moja iliyokufa, akaifunga kwenye leso, akasema anakwenda Tunduma. Huyu ni mtu anayeogopa Tunduma kuliko simba, kwa sababu ya malori. Hezron alitaka kumsindikiza akakataa, akasema mambo haya si ya kwake. Gari lilikwama Mpemba kwa foleni ya malori, akashuka akatembea kwa miguu mpaka mjini. Akaingia duka moja baada ya jingine, dawa, vipodozi, hata maduka ya vipuri, akitoa ile plasta kwenye leso na kueleza kazi yake kwa sauti yake ile ya kuita watu shambani. Nyumbani asingelitaja jambo hilo hata kwa kunong'ona!

Mwisho alimpata mama mmoja wa Kiislamu, Zaitun, mwenye duka la vipodozi, ambaye alimkalisha akampa chai. Dukani hakuwa nazo, lakini alizijua, na ndugu yake Athuman huendesha lori la mizigo mpaka Lusaka. Bibi alidai aonane na Athuman mwenyewe, akamweleza kijana wa watu habari zote za chango mbele ya utingo wake. Zaitun anasema Athuman aliitikia "ndiyo bibi" huku anatazama matairi. Lakini alizileta. Safari yake ya pili kurudi alikuja na boksi zima, za Kichina, na Bibi akazifuata mwenyewe. Akazilaza chini ya mto wake mpaka siku ya mtihani, na hata mimi sikuruhusiwa kuzigusa.

Vitabu vilishuka kabatini siku ile ile Bibi alipotoka Tunduma mara ya kwanza, hata kabla plasta hazijapatikana. Nilipomuuliza Gwantwa, alisema kama Bibi ameweza kuyasema yale kwa madereva wa malori, yeye hawezi kushindwa na karatasi.

Mtihani ulipofika, kalenda haikumwonea huruma. Siku zilianza asubuhi ya baiolojia, kama alivyoogopa. Bibi alimfungulia pakiti kwa mkono wake, akamsubiri abandike, akakagua kwamba imekaa juu ya nguo na si kwenye ngozi, akamfunga kitenge chini ya sketi. Gwantwa alimeza kidonge chake na chai, akaondoka. Mimi siku ile sikufanya kazi ya maana. Niliungulisha maharage mara mbili. Hezron, ambaye hajui lolote na anajua kila kitu, alikwenda kulima shamba lile la kandokando ya barabara, ambalo alikuwa ameshalilima juzi yake, na kila pikipiki ikitokea upande wa shule alisimama kutazama kama imembeba mtu.

Hakuna pikipiki iliyombeba mtu. Alasiri tulimwona anakuja kwa miguu yake, na wenzake, wanabishana. Alipita kwa baba yake, akapita kwa bibi yake, akaja moja kwa moja jikoni na kufunua sufuria. Sisi wote watatu tukamfuata tukasimama mlangoni kama wadai. Akatutazama, akasema, "Jamani, lile swali la mwisho lilikuwa gumu. Sijui kama nimelipata."

Basi. Hakuzungumzia tumbo. Aliendelea kulalamikia lile swali mpaka tunakwenda kulala, na baba yake akalalamika naye ingawa hakuelewa hata neno moja.

Juzi amemaliza karatasi zote. Matokeo ni mwakani, nitakujulisha, na nina matumaini, tena makubwa.

Hezron na Samwel wanakusalimu. Mama wa Nanyala anakuombea kila asubuhi. Bibi Tukuswiga anakusalimu sana, anasema umsamehe, na ukituma tena dawa uandike Kiswahili. Gwantwa anambusu mama yake mdogo.

Mungu akufunike huko kwenye baridi, akurudishe kwetu ukiwa na afya yako.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Rozi