Bia Mbili za Mzee Tluway

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua baa saa kumi kamili. Ukungu umeficha mlima tangu asubuhi. Kreti moja imerudi na chupa mbili zimevunjika. Nimegomba, hakuna aliyekiri.

Daria, mhudumu wangu, amewakatalia bia vijana wawili kaunta. Mmoja ana ndevu kabisa. Alipodaiwa kitambulisho akatoa leseni ya bodaboda ya kaka yake. Daria ni binti wa kutoka Tumati, ana miaka ishirini na mitatu, anaongea kwa sauti ndogo mpaka umsogelee. Lakini akisema hapana, ni hapana. Wateja wanamwita Madamu. Ananipunguzia mauzo. Inaniudhi.

Jumatano, 12 Machi

Mtendaji wa kata amepita baa zote za Katesh. Anasema atakayemuuzia pombe aliye chini ya miaka kumi na nane ni faini au jela, na leseni inaweza kuondoka. Si mwenye baa tu, hata aliyetoa chupa kwa mkono wake.

Daria amebandika karatasi ya katazo hilo ukutani, mwandiko mkubwa. Inaharibu rangi niliyopaka juzi. Nimeiacha.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya.

Mzee Tluway, jirani yangu, alimtuma mjukuu wake Anjela achukue bia mbili. Anjela yuko darasa la saba. Kwetu mzee haendi kununua mwenyewe, anatuma mtoto, na mtoto wa mzee harudishwi mikono mitupu. Nimekua hivyo. Nimetumwa hivyo.

Daria akakataa. Akasema angezipeleka yeye mwenyewe akipata nafasi. Nikaona aibu. Mzee Tluway ndiye aliyenisemea kwa wakwe nilipokwenda kuposa. Nikainuka, nikatoa chupa mbili, nikazifunga kwenye gazeti, nikampa mtoto. Nikarudi kukaa. Nilijiona mtu mwenye adabu.

Mtoto hakufika hata mlangoni. Polisi na ofisa ustawi wa jamii walikuwa wanaingia kwenye ukaguzi. Wakauliza nani ameuza. Mtoto analia tu. Daria amesimama nyuma ya kaunta. Mimi nimekaa kama mteja.

Nikanyamaza. Wakaandika jina la Daria. Naye akanyamaza. Ameambiwa afike kituoni Jumatatu.

Jumamosi, 15 Machi

Sijala.

Daria amekuja kazini mapema kama kawaida, ameosha glasi zote. Wateja wamemcheka kwamba Madamu amekamatwa na sheria yake mwenyewe. Nilitaka kuwafukuza. Nilinyamaza tena, mimi bingwa wa kunyamaza.

Walipoondoka nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akajibu huku anafuta kaunta:

"Baba, wewe ni mkubwa. Siwezi kukutaja mbele za watu kabla hujajitaja mwenyewe. Ila Jumatatu wakiniuliza, sitadanganya."

Hakulia, hakuomba kitu. Binti wa umri wa mwanangu amenipa siku mbili za kuwa mtu mzima. Sijawahi kumheshimu mtu hivi. Na najichukia.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Padri amehubiri kirefu. Sikusikia kitu.

Naogopa jela. Naogopa baa kufungwa, sina shamba la maana la kurudia. Naandika nisijidanganye.

Jumatatu, 17 Machi

Nilifika kituoni kabla yake. Nimesema ni mimi niliyetoa, yeye alikataa na nikampuuza mbele ya wateja. Askari akaniuliza kwa nini sikusema Ijumaa. Nikamwambia niliogopa. Hakuna jibu lingine.

Daria alipofika wakamuuliza. Akaeleza yote kama yalivyokuwa, hakuongeza, hakupunguza. Hata kwamba niliogopa hakusema. Wamefuta jina lake.

Ijumaa, 21 Machi

Mahakamani. Nimekiri kosa. Faini, na leseni imesimamishwa miezi mitatu. Nilieleza habari ya kutumwa na mzee. Hakimu akasema naye alitumwa sana utotoni, lakini hiyo haimwongezei mtoto umri.

Nimeona haki imetendeka. Imeniuma hivyo hivyo.

Alhamisi, 27 Machi

Baa imefungwa. Mvua imenyesha vizuri, watu wote wako mashambani.

Sina cha kumlipa Daria miezi mitatu, nimemwambia atafute kazi kwingine. Leo Mama Salma mwenye duka la vitambaa amenipigia simu kumuulizia. Anataka mtu wa kumwachia duka anapofuata mzigo Arusha. Akauliza kama huyu binti anamtii mwajiri wake.

Nimemwambia hapana, na kama baa yangu ingekuwa wazi nisingekubali mtu mwingine amchukue.

Daria anaanza kwake Jumatatu.