Tochi Kwa Bunduki ya Upepo

Bwera, Jumatano usiku

Yule sungura alinicheka, mimi najua.

Baba mukwe kule Nyakiyumbu anasemaka mimi niko mudomo tu. Sungura wanamaliza karanga yake shambani, na mimi nilishajisifu kwamba nitawaweza. Basi jana asubuhi nikaenda soko Mpondwe kutafuta tochi ya kufunga kwa bunduki yangu ya upepo. Ile kubwa iko na nguvu lakini inavuta mudomo ya bunduki chini. Nikachukua kadogo, nikafunika kioo na plastiki nyekundu, sababu taa nyeupe inakimbizaka sungura. Nikafunga na raba ya baiskeli, ngumu kabisa.

Usiku tukaingia shamba, mimi na baba mukwe. Sungura huyu hapa, anakula. Nikapiga, nikakosa. Hakukimbia. Sasa hii bunduki unaikunja katikati ndio uweke risasi ingine. Nikakunja, ikakataa. Raba nilifunga pale pale inapokunjika.

Baba mukwe akaninong'oneza, "Fundi, hiyo ni bunduki ao ni fimbo?"

Nikakata raba na meno, nikafunga tochi upya huku nyuma. Sungura anaendelea kukula kama iko hoteli. Nikakunja, sasa ikakubali. Nikapiga. Akalala.

Muzee alicheka mpaka akakaa chini kwa karanga.

Leo tumemukula na bundu, ugali yetu ya muhogo, mama mukwe akanipa muguu ya nyuma. Wakati ya kuaga, baba mukwe akaniwekea raba mupya kwa mufuko. Ameikata mwenyewe, kafupi, haiwezi kufika pale bunduki inakunjika.