Mshipa Uliomeza Springi

Kisii mjini,
14 Oktoba 1997

Kwa dada yangu mpendwa Jemimah,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Manasseh, na watoto, na yule ng'ombe mweusi mwenye kiburi kama mimi. Mko salama? Mguu wako uliokuwa unavimba umeshuka? Huku mvua inapiga mabati kila jioni, na kazi ya mabomba haiishi, maana watu wa Kisii hawajui kuacha kujenga. Barua hii nimempa Mama Benter, anayenunua ndizi huko kwenu Nyamira na kuziuza soko la Daraja Mbili. Mpe chai kabla hujaifungua.

Ujumbe wako ulinifika: Sabato ya tarehe moja Novemba nisimame kanisani nishuhudie nilivyopona moyo, na Jumapili yake tuchinje dume. Umeuliza mara mbili mbona sijibu. Umeuliza pia mbona tangu Agosti sijapanda mlima kuja nyumbani, kama ni wewe umenikosea. Dada, hujanikosea kitu. Nitajibu yote, ila unanijua, mimi sifiki kwenye jambo bila kupitia Bombay.

Katika ukoo wetu mzima ni mimi tu niliyekula wali juu ya mawingu. Mwezi wa nne Arvind, mwenye hadiwea ninakochukua vifaa, alinipeleka kwa binamu yake daktari kule Bombay. Walipitisha mrija mwembamba pajani hadi moyoni, wakafika pale mshipa ulipoziba, wakavimbisha kiputo, wakaacha kijispringi cha chuma kishikilie ukuta usijifunge tena. Wenyewe wanakiita stenti. Kinatosha kupotea ndani ya ganda la karanga.

Sasa mimi ni fundi. Darasa la sita nililiacha njiani, lakini bomba halinidanganyi. Nikajiambia paipu ikishazibuliwa na kuwekewa chuma, kinachobaki ni kungoja kutu, na kutu ni shida ya wajukuu. Daktari alisema baada ya miezi mitatu nikapimwe Nairobi. Nikacheka. Nani hupima bomba linalotoa maji? Mwezi wa sita si ulinishuhudia nikipanda mlima wenu na mfuko wa saruji begani, mama mkwe wako akaniita kichaa?

Basi Agosti kifua kikaanza. Kama mtu mnene amekikalia, na mkono wa kushoto unakufa ganzi. Nikasingizia mboga za chinsaga nilizokula. Nikaacha vilima, nikaacha ngazi, nikachukua kazi za nyumba za chini tu. Aliyenishika ni Hemlata, mke wa Arvind. Alinikuta nimesimama katikati ya ngazi za stoo nikijifanya nasoma kopo la rangi. Akaniuliza kama ninalisomea mtihani, maana tangu aingie sijageuza hata upande wa pili. Akamwita mumewe. Arvind, yule mpole, alinigombeza kwa Kigujarati, kwa Kiswahili, na kwa kile Ekegusii chake cha kununulia mboga. Kesho yake tulikuwa Nairobi.

Daktari wa huko ni mwanamke, umri wa binti yako mkubwa hivi. Nilimweleza taratibu habari za kutu ili asijiaibishe kwa kutojua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema fundi, bomba lako limekufa, mshipa huu uko hai. Kiputo kinapoupanua kinaujeruhi. Mwili ukiona kidonda unaanza kuponya. Kwanza unafunika chuma kwa utando mwembamba, na huo ni mzuri, damu inapita bila kuganda. Lakini kwa watu wengine mwili haujui kusema basi. Unazidi kuotesha nyama ya kovu ndani ya springi mpaka njia inakuwa nyembamba upya, mara nyingi ndani ya miezi sita. Springi haijavunjika, wala si mafuta yaliyoganda. Ni kupona kulikopitiliza.

Nikakumbuka ile seng'enge baba aliyoipigilia kwenye mti wa mpakani. Leo waya huuoni, gome limeumeza. Nikamwambia. Akasema ni hivyo hivyo, na akauliza kama natafuta kazi hapo kwake.

Nikamuuliza kosa ni la nani. Akasema kovu si kosa la mtu, hata ningewahi lingeota tu. Kosa langu ni miezi miwili ya kutembea nalo kimya. Alhamisi tarehe thelathini wataingiza kiputo tena, waisukume ile nyama ukutani, ndani ya springi ile ile. Inaweza kubaki wazi. Inaweza kuota tena. Hakunificha.

Dada, keti. Uliponipa ile tarehe ya shukrani nilikuwa tayari naumwa, na nilikuwa nimeandika ushuhuda wa uongo, ukurasa mzima, mtamu hata mimi mwenyewe nikauamini. Watu walifunga na kuomba kwa ajili yangu. Niliona aibu kuwaambia Mungu wetu Nyasae amejibu na mwili umekataa kunyamaza. Nilikuwa radhi nianguke pale mbele kuliko nionekane sikupona. Nimeuchana.

Na jingine. Nilikuambia kule Bombay niliimba juu ya meza ya daktari wauguzi wakacheka. Sikuimba. Nilitetemeka mpaka wakanishika miguu, na nilikuita wewe, kwa jina lako, kama mtoto aliyepotea sokoni. Nawe ulikuwa umejitolea kunisindikiza, nikakujibu vibaya kwamba mwanamume mwenye ndevu haendi hospitali na dada yake.

Mwambie shemeji amwache dume ale majani. Kanisani uwaambie ukweli wote, usiupunguze, nitawajibu mwenyewe nikirudi. Salamu kwa wazee, kwa watoto, na kwa mama mkwe, ambaye kumbe alisema kweli.

Jumatano tarehe ishirini na tisa, saa moja asubuhi, Arvind ananipeleka Nairobi kwa gari lake. Kiti cha nyuma ni kitupu. Sikukatii tiketi, sikupangii, nakuomba tu. Naogopa, Jemimah. Ukikataa nitaelewa. Lakini usikatae.

Mimi ndugu yako mdogo,
Onchiri