Mbuzi wa Wachina, Mchele wa Wajapani

Hillbrow, Johannesburg
12 Septemba 2016

Mpendwa mdogo wangu Firmin,

Salamu nyingi, mwami wetu, chifu wa kijiji kizima. Mgongo waendeleaje? Shemeji Jeanne bado anakuvumilia? Mimi mzima, Mungu ashukuriwe. Meno manne yaliyobaki yanatosha kukung'ata.

Maana nina hasira. André wa hapo kijijini amenipigia simu akaniambia yote. Wachina walikuja wakaahidi kutujengea nyumba ya kuzalishia, ukala mbuzi wao, ukawaonyesha kiwanja. Sawa. Wiki mbili baadaye Wajapani wakaja na ahadi ileile. Ukala mchele wao, ukawaonyesha kiwanja kilekile. Eti ulitaka washindane kutupa zaidi. Wakakutana palepale, kila mmoja na kamba yake ya kupimia. Wajapani wakainama, wakaondoka. Wachina wakaondoka bila kuinama. Sisi tumebaki na magugu.

Eish, Firmin. Kwetu ukishakula mbuzi wa posa, mchumba wa pili humfungulii mlango. Hilo nalijua hata mimi niliyefukuzwa darasa la nne.

Usidhani nawatetea wageni wako. Mwaka jana Wachina waliwaita marais wetu hapa Sandton, barabara zikafungwa, nikaenda kwa miguu kwenye kazi yangu ya kulinda geti la watu. Mwezi uliopita Wajapani nao wakawaita Nairobi. Wanatugombania kama wake wenza, na mume analala njaa. Wao shida yao ni bendera ya nani ichorwe ukutani. Tumbo la Jocelyne halina bendera.

Huyo mjukuu wangu atajifungua Februari, mvua zikiwa zimekolea. Mama yake alifia kwenye kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, hospitali ya Baraka ikiwa bado mbali, na bega moja lililombeba lilikuwa lako. Umesahau uzito wa binti yangu?

Basi sikia. Wachina ndio waliotangulia: wafuate, ukaombe radhi mbele ya wazee. Wajapani wapelekee mbuzi jike, uwaambie ukweli kwamba ulikuwa na tamaa. Wakicheka, cheka nao. Hata vyumba viwili vya matofali vinatosha, mradi viezekwe kabla ya Februari. Ukiona aibu, mvishe Jeanne kofia yako ya umwami, ataenda yeye.

Nisalimie Ruphin, mama Mwatumu, na Jocelyne mwenyewe. Mwambie asibebe maji.

Mungu akupe miguu myepesi na ulimi mfupi.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokutukana,
Marcellin