Mshale wa Keringet

Mzee wangu Gathogo,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, kwa hivyo nitasema yangu tu. Mimi ni mzima, niko Nakuru, kwenye kiti kile kile karibu na dirisha, na chai yangu imepoa kwa sababu nilijisahau nikiangalia kwenye kompyuta upepo wa Keringet. Ule wa siku uliyoanguka.

Mengine kwanza. Fundi aliyeletwa mahali pako anaitwa Wafula. Ni mtu mzima, anafanya kazi vizuri, hana maneno mengi. Hapigi simu akiwa juu ya mlingoti. Akimaliza anashuka, anaandika ripoti, anaituma. Hatuna malalamiko. Kituo cha hali ya hewa cha kando ya ziwa kimehamishwa kwa sababu maji yalizidi kusogea, na kile cha Olkaria kimewekewa mshale mpya wa upepo. Kikombe chako cha chai nimekifungia kabatini. Watu walikuwa wameanza kukitumia, na sikupenda.

Kazi yangu haijabadilika. Bado nimeajiriwa kushuku. Kila kituo hutuma kasi ya upepo na upande unakotoka, na kompyuta hupitia kwanza, ikipaka nyekundu kila inachotilia shaka: upepo uliopanda ghafla mno, upepo usiobadilika hata kidogo, upepo unaovuma kwa mmoja huku majirani wote wametulia. Kisha naketi na zile nyekundu, moja moja, naamua. Huu ni upepo, ubaki. Huu si upepo, utoke. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kompyuta haijui chochote, inajua tu kuuliza.

Nakumbuka Subukia, kituo kile cha karibu na kwenu. Kwa muda mrefu upepo wote wa bonde lile ulikuwa ukitoka upande mmoja, asubuhi na jioni, mvua na jua. Nilikuwa mgeni kazini, nikataka kuandika kwamba kifaa kimekufa. Ukasema, "Wacha kuzika mtu hujamwona." Tukaenda. Tukakuta gunia la mbolea limepeperuka kutoka shamba la mtu, likajifunga kwenye mkia wa mshale, nao mshale ukakosa pa kwenda. Ulicheka mpaka ukalazimika kushika mlingoti. Mchana Mama Shiru, mke wako, alitupakulia mukimo, ukamsimulia habari za gunia kana kwamba umemkamata mwizi wa ng'ombe. Aliniangalia akasema, "Huyu ndiye mtu unafanya kazi na yeye? Pole." Nikampenda hapo hapo.

Halafu kulikuwa na ile desturi yako. Kila fundi akifika juu huujaribu mshale kwa mkono: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, akiushikilia kidogo kila upande ili kituo kirekodi. Kisha huvipiga kwa kiganja vile vikombe vya kupima kasi, vizunguke, asikie kama vinakwaruza. Hayo ni ya kitabuni. Lako lilikuwa la mwisho. Uliushika mshale tena, ukauelekeza ofisini kwetu. Kutoka Subukia uliuelekeza kusini magharibi, kutoka Olkaria kaskazini magharibi. Popote ulipokuwa, ulijua Nakuru iko wapi. Kisha simu yangu inalia. "Cherono, niambie umeona nini." Nami nasema naona upepo unatoka ofisini, mzee, ni nani huyo anapuliza? Utani wetu ulikuwa huo tu. Ulidumu miaka na haukuwahi kuboreshwa. Baadaye nilikuwa nazikataa zile dakika zote, maana hazikuwa upepo, na kwenye nafasi ya sababu naandika neno moja: matengenezo.

Siku ya Keringet hukupiga simu. Mtandao ulikuwa umepotea huko juu tangu asubuhi. Mwenye shamba alisema alikuacha ukifunga mkanda, akaingia ndani kukuletea chai, na alipotoka ulikuwa chini. Hakuona zaidi ya hapo. Mkanda ulikuwa kiunoni mwako lakini ndoano yake haikuwa imeshika kitu. Nayaandika hivi kwa sababu ndivyo yalivyo kwenye ripoti, na kwa sababu nikiyaandika kwa namna nyingine sitaweza kuendelea.

Tulikuzika nyumbani, pale juu ya shamba la kahawa. Watu walikuja wengi kuliko viti. Kwenye matanga maneno yalikuwa mawili. Watu wa ofisi, kwa sauti ya chini, walisema uzembe. Watu wa kwenu, kwa sauti ya juu, walisema upepo. Shemeji yako alisimama akasema Keringet kuna upepo unaobeba paa la kanisa, mtu je? "Lisemwalo lipo," akamalizia, na watu wakaitikia. Kazini kwetu lisemwalo hupimwa kwanza.

Mama Shiru alinivuta kando, karibu na tangi la maji. Akasema, "Wewe ndiye unajua mambo ya upepo. Baba Shiru hawezi sahau kujifunga, hata kubadilisha balbu alikuwa anaita mtu amshikie ngazi. Sasa hao wanataka kuandika ati alikufa juu ya uzembe, na watoto wake wasome hivyo. Angalia huo upepo, alafu uwaambie." Nikamwambia nitaangalia. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea na ahadi hiyo.

Mtandao uliporudi, kituo kilituma yote kiliyokuwa kimehifadhi. Na nyekundu ilikuwepo. Wakati ule ule ulipokuwa juu, kasi ilikuwa imeruka kutoka upepo mwanana hadi upepo wa kuinamisha miti, kisha ikashuka. Nilisimama. Nikatoka nje, nikazunguka gari la ofisi, nikarudi. Nitakuambia wazi: nilifurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sababu sasa nilikuwa na upepo wa kumpelekea mke wako.

Ningeweza kuishia hapo. Kuna kitufe cha kukubali na kitufe cha kukataa, na hakuna mwingine ofisini anayefungua Keringet ila mimi. Lakini ulinizoesha vibaya. Nikaangalia majirani. Molo ilikuwa imetulia, Njoro pia. Hilo peke yake halitoshi, milima ina upepo wake wa siri. Nikaangalia mgandamizo wa hewa, kwa sababu kimbunga cha vumbi kama vile vya Naivasha kikipita juu ya kituo, mgandamizo hushuka. Haukushuka. Tena Keringet ilikuwa imenyeshewa wiki nzima, vumbi lingetoka wapi? Bado nilikuwa na matumaini. Nikafungua upande wa mwelekeo.

Kaskazini, mshale umekaa. Mashariki, umekaa. Kusini. Magharibi. Kisha vikombe, ile kasi yote. Kisha mshale ukageuka ukasimama kaskazini mashariki, ukakaa hapo muda mrefu kuliko pengine pote, halafu ukaachiliwa ukarudi kwenye upepo wake mdogo wa kila siku.

Ulikuwa mkono wako, mzee.

Nililia, kama unataka kujua. Si sana, mhasibu alikuwa ameingia kuomba stepla. Alipotoka nikabonyeza kukataa, na kwenye sababu nikaandika matengenezo. Unajua kwamba kilichokataliwa hakipotei, hakiendi tu kwa watu wanaotumia hesabu zetu. Kiko hapo chini, na nimekifungua mara nyingi kuliko kazi inavyodai.

Mkubwa aliponiita alitaka jibu fupi. "Kwa hivyo hakukuwa na upepo. Ni uzembe, ama?" Nikamwambia kituo hakijasema uzembe. "Kimesema nini basi?" Kimesema upepo ulikuwa mdogo, na kwamba fundi alifika juu, akafanya kila hatua kwa mpangilio wake bila kuruka hata moja, akamaliza. Kilichotokea wakati wa kushuka hakuna kifaa kilichokipima, na tusichokipima hatukiandiki. Alikuna kichwa, akasema nimeanza kuongea kama wewe. Lile neno likatolewa kwenye ripoti, na mahali pake sasa pameandikwa kwamba chanzo hakijulikani. Najua hilo si ushindi.

Kumwambia Mama Shiru ndiko kulikonitoa jasho. Nilienda Subukia Jumamosi, nikamkuta ameketi nje anachambua maharagwe. Nikamwambia niliangalia, na hakukuwa na upepo. Mikono yake iliendelea na kazi. Akasema, "Si ungewaachia tu? Nani angejua?" Nikasema ningejua mimi, na Baba Shiru angekuwa wa kwanza kunigombeza. "Baba Shiru hayuko," akasema.

Basi nikamweleza habari za mkono. Nilichora kwa kijiti pale chini, pande zote nne, nikamwonyesha ulivyoanza na ulivyofuata. Aliweka kando maharagwe aliyokuwa nayo mkononi, kisha ungo. Nikamwambia hukuwa na haraka hata kidogo. Nilipofika kwenye utani wetu, wa kuelekeza mshale ofisini, aliinua macho. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. "Na nyumbani je? Hakuwahi kuelekeza nyumbani?"

Mzee, ramani unaijua kuliko mimi. Kutoka Keringet, Nakuru iko kaskazini mashariki. Subukia nayo iko kaskazini mashariki, ni mbele tu zaidi, na imeegemea kidogo upande wa kaskazini. Mshale wako ulisimama katikati ya hizo mbili. Mkono wa mtu hautulii, na kifaa chenyewe kina kosa lake dogo. Nilikuwa nimeangalia tena na tena. Tena ulijua hakuna mtandao, kwamba siwezi kukuona na huwezi kuniuliza nimeona nini. Huenda yalikuwa mazoea. Huenda ulikuwa umemkumbuka yeye.

Mimi nilikuwa nimeichukua ile salamu kuwa yangu. Nilikuwa hata nimeizoea, naamka nayo, nakuja nayo kazini. Lakini nilimwambia ilivyo, kwamba ukiwa Keringet, ofisini na nyumbani ni upande mmoja. Akasimama, akaifuta mikono kwenye leso, akageuka kusini magharibi juu ya kahawa. "Huko?" Nikasema huko. Akaiangalia milima. Kisha akasema, "Basi alimaliza kazi, akaangalia nyumbani. Hiyo naweza ambia watoto."

Kazini ningeipaka nyekundu. Ningeandika kwamba haijathibitishwa. Pale nilivuta kigoda, nikamsaidia kumalizia maharagwe, na jioni akanifungia kabeji mbili za kubeba.

Sasa nikuage. Sijui kama kuna kituo huko uliko. Kama kipo, najua umeshakuta kasoro na unamsumbua mtu. Shiru anaendelea vizuri na shule, na wa mwisho ameanza kucheka kama wewe, kwa kushika kitu. Nitawaona kila nikipita Subukia, hiyo usiwe na wasiwasi nayo.

Na kuna ahadi moja. Wafula anarudi Keringet mwezi ujao, na nimeomba kupanda mimi. Aliniangalia kwa shaka, lakini amekubali. Nitafunga mkanda, nitaikagua ndoano, naye ataikagua tena, kupanda na kushuka. Nitaujaribu mshale pande zote nne. Nitavipiga vikombe. Kisha nitauelekeza Subukia, si Nakuru, Subukia yenyewe, nimeshapima na ramani, na nitaushikilia mpaka kituo kirekodi, ili iwepo salamu moja ambayo mtu hawezi kuitilia shaka. Nikirudi ofisini nitaikataa kama nilivyozikataa zako zote, kwa sababu si upepo.

Uliuliza kila mara nimeona nini. Nimeona, mzee.

Cherono