Nimemwacha Shemeji Juu ya Paa la Wapangaji

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini nakuambia mapema kwamba watu wote wa ukweni wanataka nipige magoti na magoti yangu yamegoma. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina hosh hapa Malakia, ua mmoja wenye vyumba vinne vya kupangisha, kiwanja ni cha mume wangu Konga lakini matofali nilichoma mimi kule Rejaf na mabati nilinunua mimi kidogo kidogo kwa kuuza samaki tangu tuliporudi kutoka Uganda, na vita vya Julai vilipolipuka Konga aliwachukua watoto akavuka nao mpaka hadi kambi ya wakimbizi Uganda, mimi nikabaki, kwa sababu nyumba tupu hapa Juba haikai siku nyingi kabla wenye bunduki hawajahamia, na kodi ya wapangaji ndiyo inayowalisha watoto huko kambini.

Sasa juzi amekuja shemeji yangu Ladu na lori, bila hata kupiga simu, wapangaji wote wako kazini isipokuwa Natalina muuza chai ambaye amejifungua karibuni, akaegemeza ngazi kwenye chumba cha mwisho, kile ambacho mpangaji wake alikimbia, akapanda na nyundo akaanza kung'oa misumari. Nikamuuliza, "Shemeji, unafanya nini?" Akasema, "Mimi iko na ruhusa ya kaka. Mabati yote inaenda kambini. Watoto yako iko chini ya plastiki, mvua inapiga wao, na wewe nafunika watu ya kodi." Nikamwambia Natalina ana kichanga ndani na kodi yake amelipa, aende wapi? Akajibu, "Hiyo ni shauri ya Natalina," akaendelea kutupa mabati chini, akamaliza chumba kile akasogea juu ya chumba cha Natalina, basi mshauri, nikaichukua ngazi, nikaiburuta mpaka nje ya lango, nikaikalia.

Aliita, akatukana. Jua lilikuwa kali. Emilio, mpangaji wangu fundi wa pikipiki, aliporudi kutoka kazini alinisihi, "Mama, shusha yeye. Akianguka, kesi itakuwa yako," ndipo nikairudisha, baada ya Ladu kuapa mbele yetu kwamba atapanda lori lake aende. Ameondoka mikono mitupu na amemwambia Konga kwamba nilitaka kumuua, na Konga amenipigia akasema nimechagua wapangaji nikawaacha watoto wangu. Mimi niling'olewa katika mji huu nikiwa mtoto, nikakulia uhamishoni chini ya turubai, najua mvua inavyoingia, sihitaji Ladu anifundishe. Sing'oki tena. Niambie tu nimekosa wapi, na mabati yaliyong'olewa niyapigilie lini, kabla mvua haijabomoa ukuta.

Teresina, Malakia

*

Teresina,

Umekosa kwenye ngazi. Bati la mchana linachoma ngozi, na mtu akizimia huko juu hadondokei godoro. Kumzuia ilikuwa haki yako: ungewaita majirani, ungemwita mzee wa mtaa, ungelizuia lori langoni. Kumwacha juani, hapana. Kwa hilo utampigia Ladu umwambie malesh, yaani samahani, neno moja, bila maelezo. Kwa paa usimwombe radhi mtu yeyote.

Mpangaji aliyelipa yuko ndani kwa haki. Huwezi kumvua paa kichwani wewe mwenye nyumba, wala mume wako, wala mwenye lori. Konga ana kiwanja, wewe una matofali na mabati. Hakuna kati yenu anayeweza kuamua peke yake. Zungumzeni wawili ninyi, mdomo kwa mdomo, Ladu asiwe katikati. Mkikubaliana nani anakusanya kodi na nani anaruhusiwa kugusa nyumba, andikeni, na mzee wa mtaa atie sahihi.

Sasa nikuguse panapouma. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapouliza watoto wanalalaje mvua ikinyesha. Sikupaona. Umeuliza lini upigilie mabati. Dada, unalipigania hilo paa kwa nguvu mpaka umesahau unampigania nani. Hasira yako ni ya haki, lakini Konga naye hajasema uongo.

Kwa hiyo usiyapigilie. Yale ambayo Ladu ameshang'oa, ya chumba kisicho na mtu, yafunge kamba uyapeleke kambini na gari unaloliamini, katika msafara wa kwanza wa magari yanayokwenda mpakani Nimule. Matundu ya misumari watayaziba kwa lami. Nunua turubai ufunike kuta za chumba hicho leo, si kesho, maana tofali likishalowa halina dawa. Chumba hicho kitakaa bila mpangaji, na itakuuma. Iache iume. Vile vitatu vilivyobaki asiviguse mtu, na Natalina umwambie wewe mwenyewe kwamba hakuna atakayemtoa, asilisikie hilo kwa Emilio.

Huyo Emilio mpe ufunguo wa lango, na mkubaliane mbele ya wenzake kwamba usipokuwepo yeye ndiye mlinzi. Kwa sababu siku risasi zikirudi utaondoka, Teresina. Sitaki kusikia umekutwa umekumbatia ukuta. Tofali utachoma jingine.

Halafu mpigie Konga. Usianze na Ladu, usianze na kodi. Mwulize kama mtoto wenu mdogo anakohoa, usikilize mpaka amalize. Kisha mwambie mabati ya watoto yako njiani, haya mengine yanabaki, na wewe unabaki nayo.